Tundu la Rupia Mbili

Kilichoanza ni kikombe tu. Kikombe cha bati, cha bluu, kilichobanduka rangi mdomoni, ambacho Melania alikinywea maji tangu ajue kushika kitu. Jumatatu asubuhi babu yake, Mzee Bonaventura, alikikuta mezani kimejaa vile vile alivyokijaza jana yake jioni.

"Melania, mwanangu, mwana wanje, hukunywa maji?"

"Sina kiu, babu."

Haya. Mtoto wa miaka mitano, jua la Katubuka hilo, ameruka kamba asubuhi nzima, hana kiu. Babu mtu akaachana nayo, mtoto ana yake. Mchana ndoo ya kuogea ikakutwa imelala ubavu, ua mzima tope. Bibi yake, Scola, akamsingizia mbuzi wa jirani. Mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa kwao tangu alfajiri.

Ulikuwa ule mwaka Wakongomani walipovuka ziwa. Vita vimeshika Uvira, vimeshika Baraka, na watu wanatua Kibirizi kila siku ya Mungu, boti hili likishusha, lile linaonekana kwa mbali, limejaa mpaka unajiuliza limeeleaje. Kila nyumba hapa mjini ilitoa kitu. Wa unga alitoa unga, wa kanga alitoa kanga. Na nyumba ya Bonaventura ilitoa. Hawakuwa watu wabaya hawa, muelewe hivyo kabla sijafika mbali. Kilichomponza mzee wa watu ni mapenzi ya sarafu.

Alikuwa karani wa tiketi pale stesheni ya reli mpaka alipostaafu. Watu wakimpitishia dirishani vitu vya ajabu kwa bahati mbaya: senti za tundu za Mwingereza, faranga za tembo za Mbelgiji, hela nyeusi za Mjerumani. Yeye anaweka pesa nzuri kutoka mfukoni kwake, ile mbovu anaondoka nayo nyumbani kama aliyeokota almasi. Scola alimshonea mfuko wenye vijumba vijumba, kila sarafu na chumba chake. "Mwenzenu nina wake wenza mia mbili," Scola alikuwa akiwaambia majirani, "na wote hawapiki."

Wagonjwa wenzie alikuwa nao. Kila Jumapili jioni, jua likipoa, walikutana Ujiji kwenye baraza ya Hamdani, fundi saa. Hamdani mwenyewe, na Yona anayeuza dagaa, na wengine watatu wanne. Walikuwa na taratibu zao kama watu wa dini. Sarafu inapita kwenye kisahani. Inashikwa ukingoni, kwa vidole viwili. Haisuguliwi na jivu hata iwe nyeusi kama chungu, na aliyesugua ananuniwa mwezi mzima. Halafu lilikuwepo hili kubwa: ikija sarafu iliyotobolewa kwa mkono, si zile zilizotoka kiwandani na tundu lake, hapana, iliyotobolewa kwa msumari, haigusi kisahani mpaka ijulikane ilivaliwa na nani. Maana hakuna anayetoboa fedha bure. Katoboa apitishe uzi, na uzi umezunguka kiuno cha mtu, na aliyeufunga amenuia maneno.

"Ya tundu ina mwenyewe," Hamdani alikuwa akisema. "Kwanza uliza mwenyewe, ndipo uipende."

Sasa Bonaventura alikosa moja. Rupia mbili ya Mjerumani, fedha tupu, pana kama mfuniko wa kopo, upande huu simba amesimama mbele ya mti, upande huu bwana mkubwa kavaa kofia yenye ndege. Hamdani alikuwa nayo. Na Hamdani alikuwa na mdomo.

"Bona! Umeshaiamkia rupia yangu leo?"

"Niondolee balaa hapa."

"Isalimie, we. Ni mkubwa wako huyo. Sema shikamoo."

Baraza nzima inacheka. Miaka kumi na moja hiyo.

Basi Alhamisi moja Yona akaja Katubuka kwa Bonaventura, kafunga kitu kwenye ncha ya kitambaa. Kufungua, rupia mbili. Bonaventura akaisogeza kwenye mwanga.

"Nimeitoa kwa Feliksi, mwenye boti," Yona akasema. "Lakini ina tundu, mzee. Uzi ulikuwemo, mweusi, nimeukata mimi. Jumapili sipo, naenda kusini kwenye dagaa. Tungoje nirudi tumuulize Feliksi aliipata wapi."

"Niachie. Nitamuuliza mimi."

"Utamuuliza kweli?"

"Yona, mimi mtoto?"

Akampa tembo wanne wa Mbelgiji, wakaagana. Na hakuuliza. Kila akiinuka aende Kibirizi anakaa tena, kwa sababu ukiuliza unaweza kujibiwa, na ukijibiwa unaweza kuambiwa rudisha. Ijumaa, Scola yuko sokoni, mzee akayeyusha kipande cha risasi kwenye kijiko juu ya jiko, akaidondoshea tundu, akapiga tupa taratibu, akapaka masizi ya mshumaa. Lile tundu likafumbwa kama mtu anavyomfumba maiti macho.

Jumapili aliketi barazani pa Hamdani kama bwana harusi. Wakaipitisha, wakasema lo, wakasema haya sasa mko sawa. Hamdani alikaa nayo muda mrefu, kabandika jichoni kioo chake cha saa.

"Nzima?"

"Nzima."

"Mbona inanuka ziwa?"

"Imepitia kwa Yona hiyo. Ulitaka inukie udi?"

Wakacheka wote. Bonaventura akairudisha nyumbani, akailaza kwenye chumba chake, na Jumatatu ndio kikombe kikakutwa kimejaa.

Jumanne Scola alipasha maji amwogeshe mtoto. Akamshika mkono wa kulia amlete kwenye beseni, na mkono wa kushoto wa mtoto ukanyooka nyuma, wenyewe, hewani, kama kuna mwingine kaushika. Scola akavuta. Na huyo wa upande wa pili akavuta. Si kwa fujo, hapana, kwa uthabiti wa mama aliyemwona mwanae anakwenda penye moto. Na hapo Scola akasikia shanga, zile za kiunoni zinavyogongana mtu akitembea, cha, cha, cha, na Melania hakuwa amevaa shanga. Harufu ikaja: kamba mbichi, majani ya ziwani, na nywele za mtoto zilizolowa.

Akamwachia. Mtoto akarudi nyuma, akasimama karibu na ukuta, ametulia.

"Bonaventura," Scola alimwambia mumewe jikoni, kwa kunong'ona, "humu ndani tuko wanne."

"Umechoka, mama. Jua."

Lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuusikia mlio huo, mchana kweupe, ukizunguka nyumba, na kila ukifika mbele ya chumba chenye ule mfuko wa sarafu unasimama, unakwaruza kidogo kama kuku anayetafuta pa kulala, halafu unaondoka.

Jumatano ilinyesha mvua. Ilikuja saa saba, kubwa, ile inayopiga bati mpaka msisikizane, na Melania alikuwa uani akicheza, na babu yake alimwona kwa macho yake yeye amesimama pale mlangoni, tone la kwanza likamdondokea mtoto begani, na kabla la pili halijafika mtoto hayupo, hakukimbia, hakupiga kelele, hayupo tu, na wao wakatoka na mvua wakimwita, wakaangalia chooni, wakaangalia kwa jirani, wakazunguka nyumba mara tatu wamelowa chepe chepe wanalia, mpaka Scola alipoingia chumbani akainama, akamkuta chini ya kitanda, kule mwisho kabisa penye giza, amezungushiwa blanketi kavu kuanzia unyayo hadi kidevu, amekazwa kama mtoto mchanga, na mafundo yale hakuna mtu wa nyumba ile aliyejua kuyafunga.

"Nani kakufunga, mwana wanje?"

Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

"Yule anayenipenda," akasema.

Ndizi mbivu ndizo zilizomshikilia mpaka hapo. Alhamisi hata ndizi akazitema. Wakampeleka zahanati, wakamtundikia maji ya dripu, na ule mpira ukajifunga fundo. Nesi akaufungua. Ukajifunga. Mara ya tatu nesi aliona fundo linavyojipiga mbele ya macho yake, pole pole, kwa ustadi, na akamvuta Scola pembeni.

"Mama, mimi ni mtu wa kanisani. Lakini mtafuteni mtu. Leo hii."

Wakamwita Bibi Verediana wa Rusimbi. Alikuwa mchemsha mawese, kanga zake zina rangi ya mafuta hayo siku zote, alikuja kutoka ng'ambo angali msichana na mambo ya ng'ambo alikuwa anayajua. Alifika Ijumaa asubuhi. Mlangoni akasimama, akavuta pumzi, akavua kandambili. Hakuja na ngoma wala ubani. Akaketi sakafuni karibu na Melania, ambaye alikuwa amelala macho nusu, ngozi imemkauka kama karatasi.

"Shikamoo, mlinzi," Bibi Verediana akasema.

Melania akafumbua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, kama changarawe kwenye sufuria.

"Marahaba."

Scola akajishika mdomo.

"Umewekwa na nani?"

"Na bibi wa bibi yao. Alinitia kwenye fedha, akanifunga kiunoni pa mtoto wa kwanza, nimekuja kiuno kwa kiuno mpaka leo. Kazi yangu ni moja. Maji yasimchukue mtoto."

"Huyu si mtoto wako."

"Uzi ulifunguliwa. Nikatoka kumtafuta mtoto. Kurudi, mlango wangu umezibwa. Nimezunguka nje, nimezunguka ndani. Nikakikuta kiuno hiki."

"Unamwua."

"Namlinda. Hajagusa maji hata tone." Na ile sauti ilisema hivyo kwa fahari, jamani, kama mtumishi mwema.

Bonaventura akaanguka chini. Pale pale akayatapika yote: Yona, uzi mweusi, risasi, tupa, masizi. Scola hakumtukana. Alimtazama tu, na Bonaventura alisema baadaye kwamba angepigwa mchi ingekuwa nafuu.

Bibi Verediana akapasha msumari mpaka ukawa mwekundu, akaisukuma ile risasi, ikadondoka. Kwenye lile tundu yakaanza kutoka maji. Fedha kavu, imelala tangu Jumapili kwenye mfuko wake, inatiririsha maji ya ziwa sakafuni, na mtoto akapiga yowe, akajikunja kuyakimbia.

"Mlango umefunguka," Bibi Verediana akasema. "Ondoka."

"Niende wapi? Kiuno ni hiki."

"Yule wako hayupo."

"Wewe mgeni. Aniambie aliyefungua uzi." Halafu ikanyamaza.

Bonaventura akaichukua ile rupia, akaenda Ujiji mbio, mzee wa miaka sitini na mitatu, shati limeachia vifungo. Hamdani alikuwa ameinamia saa ya mtu.

"Ilikuwa na tundu," Bonaventura akasema.

Hamdani akainua kichwa. "Ukaziba?"

"Nikaziba. Mjukuu wangu anakufa, Hamdani."

Hamdani hakusema nilijua. Alifunga duka na saa za watu zikiwa wazi mezani, akasema, "Miaka yote hii nakutania, kumbe nakusukuma." Wakaondoka wote wawili. Yona alikuwa ametua asubuhi hiyo kutoka kusini. Wakafanya kile walichokuwa wakikifanya kila Jumapili, kuuliza sarafu imetoka kwa nani, na huyo kwa nani, ila safari hii hawakucheka.

Feliksi mwenye boti walimkuta Kibirizi anakinga mafuta ya injini. Kusikia rupia, alikaa chini.

"Hakuwa na kitu yule mama," akasema. "Niliwaambia kila mtu atoe alichonacho. Akamfungulia mtoto kiunoni, akanipa. Katikati ya ziwa upepo ukainuka. Mtoto alikuwa kwenye mapaja yake, wazee wangu. Kwenye mapaja. Wimbi lilimnyakua kama mtu anavyochukua kitu chake." Akafuta uso. "Ile fedha sikuweza kulala nayo hata usiku mmoja. Ndio nikampa Yona."

"Mama mwenyewe yuko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu.

Mapendo, ndivyo alivyoitwa yule mama, alikuwa ameketi kwenye changarawe, mbali na wenzake waliokuwa wakingoja malori ya kwenda kambini Lugufu. Malori matatu yalikwisha kuondoka, yeye hapandi. Mbele yake palikuwa na sahani mbili za ugali wa msaada, moja imeliwa, moja haijaguswa. Anatazama maji.

"Pole, mama," Bonaventura akasema.

"Pole ya nini? Mutoto wangu hayakufa. Boti ingine itamuleta. Batu wengi banaokotwa."

Bonaventura akaitoa ile rupia, akamwonyesha ukingoni kwa vidole viwili. Mapendo akaitazama, akaikalia mikono yake.

Walimweleza. Alisikiliza yote, halafu akatikisa kichwa. "Niseme amekufa? Mimi mama yake? Nikisema, nani tena atamungoja?"

Wakati huo Scola na Bibi Verediana, Feliksi alikwisha kuwatumia kijana awaite, walikuwa njiani na Melania. Mtoto aliyebaki mifupa, Scola aliondoka naye nyumbani mgongoni kama furushi la pamba. Lakini kadiri walivyoteremka na ziwa likaanza kuonekana, akawa mzito, akawa mzito kama gunia la chumvi, Scola akapiga magoti, akapokea Bibi Verediana, naye akashindwa, ikabidi vijana wanne wa boti wambebe kwenye turubai, na vijana hao wanaobeba injini mabegani walikuwa wakihema, miguu yao ikizama kwenye changarawe, na shanga zinalia, cha, cha, cha, mbio mbio sasa, kama mtu anayekimbia kuzunguka zunguka kutafuta pa kupitia, na watu wote wa Kibirizi, wenyeji na wakimbizi, wamesimama kimya, na kwa juu ya hiyo turubai ile sauti kavu inasema bila kupumzika: si huko, si huko, si huko.

Wakamweka mbele ya Mapendo.

Scola hakuanza na maneno. Aliipanua tu midomo ya Melania kwa kidole, Mapendo aone ulimi ulivyovimba. Kisha akasema, taratibu, "Dada yangu, mimi sikuombi umsahau wako. Ila huyu anajibu nikimwita. Bado anajibu."

Mapendo akamsogelea yule mtoto. Akanyoosha mkono akamgusa kiunoni, pale uzi unapokaa. Halafu akaisogeza pembeni ile sahani ambayo haijaguswa.

"Weye," akasema kwa kisichoonekana. "Unanijua?"

"Nakujua. Ulifungua uzi."

"Nilifungula. Mimi. Kwa mikono hii." Akameza. "Agape amekufa. Maji ilimukamata. Nilimuona akienda, alikuwa ananiangalia. Hapana tena Agape. Huyu si yeye. Muache."

Hata mawimbi, waliokuwepo wanasema, yalisita. Halafu ikatoka sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kabla wala baada, si ya mtu, si ya mnyama, sauti ya kitu kilichofanya kazi moja vizazi vyote na leo kinaambiwa kilishindwa. Kililia. Jini lililia, wanangu, na akina mama waliokuwa pale wote wakajikuta wanalia nalo.

Mapendo akachukua ile rupia mkononi mwa Bonaventura, akaingia ziwani mpaka magotini, akaiachia. Haikutoa hata kishindo. Shanga zikasikika zikipita katikati ya watu, zikaingia majini, mlio ukaenda ukifinyika, ukaisha.

"Bibi," Melania akasema. "Maji."

Alinyweshwa na Mapendo, kwa kiganja, matone matone, mpaka Bibi Verediana akasema inatosha kwa sasa.

Jioni ile pale kwa Bonaventura palitandikwa mikeka. Wakamlilia Agape siku tatu, mtoto ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemwona. Hamdani na wenzie wa barazani walikuja wote, wakakaa nje na wanaume, na Yona alileta dagaa wa kulisha waombolezaji. Siku ya nne Mapendo akapanda lori. Bonaventura aligawa mfuko wake wote wa sarafu, hakubakiza hata senti ya tundu, na barazani alikuwa anakwenda kukaa tu, kusikia watu wanaongea.

Sasa ikapita miaka miwili. Kibirizi pakaanza kusemwa jambo. Kila mwaka ziwa lile lilikuwa linachukua watoto, wa wavuvi, wa wafua nguo, ndivyo lilivyo. Tangu siku ile halijachukua hata mmoja. Anatumbukia mtoto, watu wanapiga kelele, wakigeuka wanamkuta ameketi juu ya jiwe, anakohoa, nguo zimekamuliwa. Ukimuuliza nani kakutoa, anasema kuna mtu alinibeba, ni baridi, alinishika kiunoni. Akina mama wakaanza kuacha vipande vya ndizi pale kwenye mawe.

Bonaventura aliona hiyo ni habari njema. Aliona inaweza kuwa dawa kwa Mapendo. Akapanda gari mpaka Lugufu, akatafuta banda kwa banda, akamkuta Mapendo anapalilia bustani ya mchicha, amekonda lakini yuko sawa. Wakasalimiana, akapewa kigoda, na hapo akamweleza yote, kwa furaha, akahesabu kwa vidole: mtoto wa fulani, pacha wa fulani, yule wa mwezi uliopita. Kumi na mmoja. "Kumi na mmoja, mama. Wote wazima."

Mapendo alisikiliza mpaka mwisho. Jembe lilikuwa bado mkononi.

"Sasa, baba," akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, "kama inaweza kushika hata mutoto asiyevaa kitu, kwa nini haikumushika wangu?"

Bonaventura akavikunja vile vidole alivyohesabia. Alikaa pale mpaka gari la kurudi mjini likapiga honi, na Mapendo alikuwa amekwisha kuinama tena kwenye mchicha wake.